Painti Mbili za Akiba

Kama hujawahi kulinda friji ya damu, usinihukumu kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unihukumu utakavyo. Mimi mwenyewe nimeshajihukumu mara nyingi na bado sijamaliza.

Naitwa Scovia. Mwaka wa 1998 ulipoanza nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika maabara ya hospitali moja mjini Homa Bay, na funguo za friji ya damu nilizivaa shingoni jinsi wengine wanavyovaa rozari. Hospitali ndogo za upande wetu, kuanzia Karungu kule ziwani hadi Migori karibu na mpaka, zilichukua damu kwetu. Si kwamba wao hawakuwa na watu wenye damu mwilini. Hawakuwa na dawa za kuipima, na damu isiyopimwa miaka ile hakuna tabibu mwenye akili aliyeithubutu. Ukimwi ulikuwa umetuzikisha vya kutosha.

Januari ile ilikuwa mbaya. Mvua za Elnino zilikuwa hazijakoma tangu Oktoba, maji yametuama kila mahali, mbu wamenona, na watoto wa malaria wanaletwa viganja vikiwa vimepauka kabisa. Na wachangiaji wetu walikuwa likizo. Watu wengi hawakulijua jambo hili: damu tuliyokuwa nayo ilitoka mikononi mwa wanafunzi wa sekondari, waliotoa kwa soda moja na pakiti ya biskuti. Shule zikifungwa, friji inakauka. Watu wazima? Niache. Mgonjwa ana ndugu kumi na wawili kando ya kitanda, wote wanalia, wote wanaapa wangekufa badala yake. Taja sindano. Mmoja anakumbuka ng'ombe, mwingine anakumbuka mkutano wa kanisa, na ukirudi baada ya dakika tano umebakiwa na nyanya ambaye hata yeye anahitaji kuongezwa.

Kwa hiyo tulikuwa na mchezo wetu, sisi tulioishi kwa kugawana kidogo. Hakuna hospitali iliyoomba idadi ya kweli. Karungu wakihitaji painti mbili waliomba nne. Migori wakihitaji tatu waliomba sita. Waliomba mara mbili kwa sababu walijua nitakata nusu, na mimi nilikata nusu kwa sababu nilijua wameomba mara mbili. Nani alianza sijui. Nilimkuta aliyenitangulia akifanya hivyo, naye alisema alimkuta mwingine.

Na mimi nilikuwa na uongo wangu. Painti mbili za kundi O zilikaa droo ya chini kabisa, nyuma ya chupa za dawa, na mtu akiniuliza nina ngapi, hizo sikuzihesabu. Hata daktari mkuu hakuzijua. Zikikaribia kuharibika nilizitumia, nikaweka nyingine mbili mahali pale pale. Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kuweka damu. Damu ina siku thelathini na tano, basi. Lakini nilikuwa nimewahi kusimama mbele ya friji tupu huku mtu akivuja sakafuni nyuma yangu, na nilijiapia kwamba mimi, Scovia, sitasimama hivyo tena.

Mchezo ulikwenda vizuri, lazima niseme. Kerosi, tabibu wa Migori, alikuwa bingwa wake. Alikuwa akipiga simu ya redio na kulia, "Scovia, nakufa hapa, nipe nane," nami najua ni nne, namtumia nne, ananishukuru kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, na sote wawili tunalala usingizi. Disemba Kerosi akahamishwa. Nilisikia ameletwa kijana anayeitwa Machuki, ametoka chuoni juzi tu. Sikumtafuta kumjulia hali. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Basi, ilikuwa Ijumaa, wiki ya pili ya mwaka, saa mbili asubuhi. Redio ikakwaruza.

"Homa Bay, hapa ni Migori. Naomba painti nne, kundi O. Kuna mama amejifungua alfajiri na damu haikatiki. Nne, tafadhali."

Hakusema anakufa. Hakunilaani wala kunibembeleza. Aliomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na hapo ndipo masikio yangu yalipaswa kusimama. Hayakusimama.

Kwenye friji nilikuwa na sita. Mbili zilikuwa za mtu aliyekuwa anaingia chumba cha upasuaji saa nne, jina lake limeshaandikwa. Zilibaki mbili za juu na mbili za chini. Sitasema nilifikiri, maana sikufikiri. Mkono ulifanya hesabu wenyewe. Nne za Migori ni mbili. Nikazitoa zile za juu, nikazipanga kwenye kasha la barafu, nikampa Walter, dereva wetu, nikamwambia asisimame hata kununua sigara.

"Zinakuja," nikamjibu Machuki redioni. Sikutaja ngapi. Kerosi asingeuliza.

Lakini siku ile nilishindwa kutulia. Nilisoma kipimajoto cha friji mara tatu katika nusu saa. Niliosha mirija iliyokuwa safi. Nilitoka nje kutazama barabara, na barabarani hakukuwa na kitu isipokuwa matope na mbuzi. Kezia, msaidizi wangu, aliniuliza kama ninaumwa na tumbo. Nikamwambia ajali tumbo lake.

Saa tano kasorobo redio ikakwaruza tena.

"Madam, asante sana. Mbili zimefika, na moja tayari inaingia. Hizo mbili zingine ziko kwa gari gani? Nataka kutuma mtu azingojee huku barabarani."

Kerosi angepiga kelele kwamba nimemnyima. Angetaka sita zaidi ili apate tatu. Huyu alikuwa anauliza tu zile mbili zilizobaki ziko wapi, kwa sababu alikuwa ameomba nne.

"Ulisema nne," nikamwambia, kama mpumbavu.

"Ndiyo, madam. Nne."

"Nne kweli?"

Nadhani hakuelewa swali. "Nimepima kiwango cha damu yake, madam, nikaangalia na ile amepoteza. Ni nne."

"Zinakuja," nikasema kwa mara ya pili asubuhi ile.

Nilivuta droo ya chini mbele ya Kezia. Aliniona nikipitisha mkono nyuma ya chupa za dawa na kutoa painti mbili ambazo yeye hakujua zipo, yeye aliyekuwa akiipangusa friji ile kila Jumatatu. Nilimtupia funguo, nikakumbatia kasha, nikatoka mbio. Sijawahi kuona aibu na haraka zikikaa pamoja hivyo ndani ya kifua kimoja.

Haraka ya kwenda na nini sasa? Land Rover yetu ilikuwa Migori na Walter. Gari la pili lilikuwa juu ya mawe tangu Septemba, halina hata gurudumu moja. Nikakimbilia mochari, kwa sababu siku ya Ijumaa mochari yetu huwa na magari kuliko stendi: ndiyo siku watu wanapochukua wapendwa wao kuwapeleka nyumbani. Na kweli, palikuwa na pikapu moja imewashwa injini, matawi yamefungwa mbele, jeneza nyuma, wanawake wanne wameketi kando yake wakiimba. Walikuwa wanampeleka Mwalimu Nicodemus, mwalimu mstaafu, kwao ng'ambo kidogo ya Rongo. Mjane wake, Mama Helen, alikuwa ameketi mbele na dereva. Nilimwambia nina mzigo wa hospitali wa haraka. Akasogea bila kuuliza, nikapanda, kasha mapajani.

Lakini maiti kwetu haikimbizwi. Kila mtu anajua. Mwenda zake anasindikizwa pole pole, honi inalia ili watu wajue nani anapita, na penye njia panda ya jamaa gari linapunguza mwendo. Tulikuwa hatujamaliza kilomita kumi nikaanza kuhema. Nilimwomba dereva, kijana aitwaye Oliver, aongeze mwendo.

"Haraka haraka haina baraka, daktari," akanijibu.

Nikamwambia baraka ni za huyo aliyelala nyuma, sisi tunataka mwendo. Mama Helen akanitazama, kisha akatazama mbele tena. Niliona haya. Haya yangu haikuongeza mwendo wa gari.

Kwenye soko la Rodi Kopany watu wakatusimamisha kabisa. Mwalimu alikuwa amefundisha pale miaka kumi na moja, na waliokuwa wanafunzi wake walikuwa wamejaa sokoni na matawi mikononi, watu wazima wenye mvi, wanalia kama watoto. Walitaka kumuaga. Mmoja akaanza hotuba. Mwingine akasema yeye ndiye alipaswa kuanza. Niliweka kiganja juu ya kasha, nikahisi barafu ndani inatikisika kama maji. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Nilikuwa naona painti ile ya pili kule Migori ikishuka tone kwa tone mpaka mrija unabaki mtupu, na yule kijana anatazama barabarani.

Mwishowe nikapaza sauti. "Jamaneni, tuachilieni. Kuna mtu Migori anakufa."

Mzee mmoja akanigeukia kwa upole. "Hata huyu amekufa, mama."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Nilitaka kumpiga mzee wa watu kwenye matanga kwa sababu hakuwa na makosa na mimi nilikuwa nayo.

Mama Helen akafungua mlango wa gari. "Nyara," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "ni nini iko ndani ya hiyo sanduku?"

"Ni damu, mama. Ya mwanamke amejifungua leo."

"Ni mtu wenu?"

"Simjui hata jina."

Akashuka, akaenda nyuma ya gari, akawaambia wale wanawake wateremke na wanaume walishushe jeneza. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, akaja mbio akiwa ameinua fimbo.

"Maiti haishushwi njiani, Helen. Unataka watu waseme nini? Ndugu yangu si gunia la mahindi."

"Alifundisha hapa miaka kumi na moja," Mama Helen akasema. "Leo atakaa na watoto wake saa tatu zaidi. Yeye hana haraka tena. Shusheni."

Walibishana, lakini huku wanabishana wengine walikuwa wameshakimbia shuleni. Wakaleta madawati mawili, wakayapanga kwenye varanda ya duka moja mvua isipofika, wakamlaza mwalimu juu yake. Mjane akaketi kando kwenye kiti cha kuazima na kumpungia Oliver mkono aende. Hakuniuliza gari litarudi saa ngapi. Hakuniwekea sharti lolote. Mwanamke yule alikuwa na gari moja la kukodi na mume mmoja wa kuzika, akatoa gari. Nilitaka kumshukuru, ulimi ukagoma, maana nilikuwa nimebeba kilichokuwa kimefichwa droo ya chini.

Sasa Oliver akaendesha. Kabla ya Rongo tulikuta lori la miwa limelala kwa ubavu katikati ya tope, nikavua viatu, nikasukuma pamoja na vibarua wa lile lori mpaka pikapu ikapita kando ya mtaro. Kasha nilikuwa nimemkabidhi Oliver akiwa usukani, akalifunga kwa mkanda wa kiti. Tulipokanyaga lami ya Rongo nilianza kuahidi. Nilimwahidi Mungu kwamba sitakata nusu tena. Nilimwahidi kwamba droo ya chini nitaing'oa niichome. Nilitaka mtu yule awe hai nikifika, hilo tu, nipate nafasi ya kuaibika mbele ya mtu aliye hai.

Tuliingia Migori saa nane na dakika chache. Oliver hakuzima hata injini. Alinishusha langoni, akageuza kurudi kwa mwalimu wake.

Machuki alikuwa mlangoni mwa wodi ya wazazi. Kijana mrefu, mwembamba, koti lake lina damu mpaka viwikoni. Alipoliona kasha alikuja kunipokea, na kwa jinsi alivyotembea, bila haraka yoyote, nikajua.

"Amefariki, madam. Kama dakika arobaini hivi. Pole kwa safari. Nilijua tu ni hii matope imewachelewesha."

Alinipa kisingizio mwenyewe, mkononi, kama kikombe cha chai. Nikakipokea. Nilisimama pale nikamwacha aamini ni matope.

"Hukupata mtu wa kutoa hapa?" nikamuuliza, niseme kitu.

Akanionyesha ukutani. Wanaume sita walikuwa wameketi chini kwa mstari, Waislamu, wenye maduka ya mjini, wamekunja mikono ya mashati mpaka juu. Ilikuwa Ramadhani. Walikuwa wamekuja tangu saa nne na funga zao, wakamuuliza shehe wao kama kutoa damu kutawaharibia swaumu, naye akawaambia okoeni roho kwanza. Lakini Machuki hakuwa na dawa za kupimia. "Sita, madam," akasema. "Wamekaa hapo siku yote na mikono wazi, na sina cha kuwapima. Ningechukua tu bila kupima, sijui. Bado najiuliza."

"Kerosi hakukuambia namna ya kuomba damu kwetu?"

Akanitazama kwa uso safi kabisa. "Kwani kuna namna?"

Nikaingia ndani, nikaziweka painti zangu mbili kwenye friji yake. Moja ilianza kutumika jioni ile ile kwa mtoto wa malaria.

Walter, aliyekuwa amesikia nakuja, alikuwa ananingoja na Land Rover, na ningeweza kupanda na kuondoka. Nilikuwa nimeshashika mlango wa gari. Lakini mmoja wa wale wanaume sita aliinuka akanifuata, mtu wa makamo, ndevu fupi, macho mekundu. Akasema anaitwa Abdirashid na marehemu alikuwa mke wake, Ruqia. Alikuwa na duka la vitambaa kule mjini. Alisimama mbali kidogo nami, kwa adabu, mikono ya shati bado imekunjwa.

"Dada, daktari ameniambia wewe ndiye ulituma zile mbili za asubuhi. Tena ukaleta zingine mwenyewe, kwa hii barabara." "Ile ya kwanza ilimfungua macho. Alikuwa haniskii, akanisikia. Akamshika mtoto, akasema aitwe Aliya. Tuliongea. Tungezikosa hizo, hata hilo nisingepata. Mungu akulipe."

Angenitukana ningevumilia. Hiyo shukrani ndiyo iliyonishinda. Nikajua nikiimeza nitakaa nayo mpaka kaburini.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Asubuhi nilikuwa na nne. Daktari aliomba nne. Nilituma mbili, mbili nikazificha."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona akijaribu kuelewa, akirudi nyuma kwenye maneno yangu na kuyapima moja moja. Nikafikiri sasa atapiga kelele, na wenzake watasimama, na nikatamani wasimame.

"Ulikuwa na nne," akasema.

"Ndiyo."

"Hizo zingine ulikuwa unamwekea nani?"

Nilikuwa na majibu. Miaka sita nilikuwa nayo, yamepangwa vizuri: basi likipinduka, mama mwingine akiletwa usiku, friji tupu na damu sakafuni. Mbele ya mtu yule hayakutoka hata moja.

"Sijui," nikamwambia. "Mtu ambaye alikuwa hajaja bado."

Abdirashid akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza bei asiyoiweza.

"Ruqia alikuwa ameshakuja," akasema.

Hakusema kwa hasira. Watu wake walikuwa wanamwita, kwa sababu walitaka kumzika kabla ya jua kuzama. Akateremsha mikono ya shati lake, akafunga vifungo, kwanza mkono wa kulia kisha wa kushoto, akaenda kuwasaidia kumbeba.